Kompyuta ya kuhariri video: angalia hiyo herufi F
Kabla hujamaliza hela kwenye kadi ya picha, soma herufi ya mwisho ya prosesa. Intel yenye F, mfano i5-12400F, ni nafuu kidogo kwa sababu haina picha za ndani (sehemu ya prosesa inayoshughulikia picha bila kadi), kwa hiyo unakosa Quick Sync, ile inayofungua video za H.265 (aina ya kubana video) bila kuitesa mashine. Kamera nyingi za harusi siku hizi zinarekodi 10-bit 4:2:2, yaani video inayobeba taarifa nyingi zaidi za rangi. Kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50 haziifungui H.265 ya aina hiyo. Intel yenye picha za ndani, kuanzia kizazi cha 11, inaifungua. Ndiyo maana unakuta mtu ana kadi ya bei mbaya na video bado inakwamakwama.

RAM chukua GB 32, vijiti viwili vya 16. Kazi za wiki hii ziweke kwenye SSD ya NVMe (diski ya kasi), harusi za mwaka jana zikalale kwenye HDD (diski ya kuzunguka, ya polepole).

Na ile pawasaplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) ya bure inayokuja na kasha, iache hukohuko dukani. Yangu ilianza kunuka plastiki siku ya pili, video ya sendofu ya watu ikiwa inatolewa na imefika asilimia 80.