Kununua kijaluba cha manukato cha fedha cha Kiingereza: anza ndani

Kijaluba ninachokizungumzia kinaenea kiganjani mwa mtoto. Urefu wake ni sentimita tatu au nne, na katalogi za minada hukiita vinaigrette. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya ile ya 19, mabibi wa Uingereza walitembea nacho. Ndani yake mlikuwa na kipande cha sponji kilicholoweshwa siki kali iliyotiwa mafuta ya karafuu, lavenda au kafuri, na juu ya sponji kulikaa wavu wa fedha. Miji ilinuka. Mwaka 1858 mto Thames wa London ulioza hata wabunge wakashindwa kukaa ndani ya Bunge lao. Bibi akizidiwa, alifungua kifuniko akanusa.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapo. Tumekulia penye mrashi na chetezo. Na kabla ya vijaluba hivi, matajiri wa Ulaya walibeba tufe la manukato lenye ambari, ambayo fukwe za Bahari ya Hindi zimeiuza kwa karne nyingi. Babu yangu alikuwa sonara Mombasa, na jambo la kwanza alilonifundisha kuhusu chombo chenye kifuniko ndilo nitakalolianzia.

Hatua ya kwanza: kifungue kabla ya kukisifu

Mnunuzi mgeni hutazama nakshi za kifuniko. Wewe fungua. Siki hula fedha, ndiyo maana mafundi walipaka dhahabu ndani yote. Upako huo ukiwa umetandaa mpaka kwenye pembe, kijaluba kimetunzwa. Ukiona mabaka meupe au vishimo vidogo kama chembe za chumvi, siki ilipenya.

Itazame rangi yenyewe. Upako wa kale ulifanywa kwa zebaki na moto, na rangi yake ni nzito, yenye joto. Upako wa umeme ulianza kuenea Birmingham, mji wa mafundi huko Uingereza, baada ya 1840, nao ni mwembamba na unang'aa zaidi. Kijaluba cha 1815 chenye dhahabu inayometa kama ya jana kimepakwa upya, na bei yake lazima ishuke.

Kisha inua wavu. Nyavu za mwanzo zina matundu ya kawaida tu. Za baadaye zilikatwa kwa msumeno mwembamba zikawa majani, maua na mizabibu. Tafuta ujiti uliovunjika, na bawaba iliyolegea. Wavu usiolala sawasawa mahali pake huenda umetoka kwenye kijaluba kingine, au sanduku la tumbaku ya kunusa limegeuzwa ili liuzwe ghali.

Kama unadhani nautukuza mno wavu, tafuta picha ya vijaluba alivyotengeneza Matthew Linwood wa Birmingham baada ya vita vya baharini vya Trafalgar vya 1805. Kifuniko kina sura ya Nelson, amiri wa Waingereza vitani humo. Ukikifungua, wavu wenyewe ni meli yake, Victory. Fundi alificha kazi yake bora ndani.

Hatua ya pili: soma alama

Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, utazame alama ndogo zilizopigwa kwenye fedha. Simba anayetembea maana yake ni fedha ya 925 katika 1,000. Nanga ni Birmingham, na vijaluba vingi utakavyokutana navyo vitakuwa na nanga. Mji huo ulipata ofisi yake ya kupimia fedha mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa huko, kupigania jambo hilo bungeni. Kabla ya hapo alilazimika kupeleka kazi zake hadi mji wa Chester zikapimwe, na nyingine zikarudi zimeharibika. Kichwa cha mfalme au malkia ni alama ya kodi, iliyopigwa kuanzia Desemba 1784 hadi 1890.

Herufi ya mwaka, inayoonyesha mwaka fedha ilipopimwa, ndiyo inayowapoteza wengi. Birmingham ilirudia A mwaka 1773, 1798, 1824, 1849 na 1875. Kwa hiyo usisome herufi peke yake; linganisha umbo lake, ngao inayoizunguka na kichwa cha mtawala. Herufi za fundi nazo zina thamani: NM ya Nathaniel Mills, SP ya Samuel Pemberton, JW ya Joseph Willmore.

Mara nyingi alama kamili ziko upande mmoja, na sehemu nyingine, wavu ukiwemo, zina chache. Zote zisimulie hadithi moja.

Hatua ya tatu: pulizia

Niliwahi kununua kijaluba chenye picha ya ngome ya Windsor kifunikoni, aina inayotafutwa sana, kwa fedha niliyokuwa nimeiweka miaka miwili. Muuzaji aliniapia. Nilipofika nyumbani nikakipulizia pumzi ya joto, kama mtu anayesafisha miwani, na mvuke ukachora mstari wa lehemu kuizunguka picha yote. Ngome ilibandikwa juu ya kifuniko cha kawaida. Niliumia, na bado naumia.

Basi pulizia ukiwa dukani, mbele ya muuzaji, wala usione haya. Mvuke huonyesha lehemu, viraka, na mahali palipofutwa herufi za mwenyewe wa zamani. Bonyeza hapo taratibu kwa kidole gumba: fedha ikibonyea, imekwanguliwa ikawa nyembamba.

Hatua ya nne: lipa kwa akili

Kwenye mnada, bei ya nyundo, yaani ile inayotajwa nyundo ikigongwa, siyo bei yako. Ada ya mnunuzi mara nyingi hufika robo ya bei au zaidi, na kodi juu yake. Piga hesabu hiyo kabla ya kuinua mkono. Kama mfuko ni mdogo, anza na vikasha vya fedha vya viberiti vya miaka ya 1890 na 1900: alama ni zilezile, ila kichwa cha mtawala, na bawaba ni zilezile, na kosa lake halikufilisi.

Hatua ya tano: acha kusugua

Nyumbani tulisugua vyombo kwa majivu na ndimu. Hapa usithubutu. Ndimu ni asidi kama siki, na majivu hukwangua nakshi. Dawa ya meno nayo ni hivyohivyo. Ndani pitisha kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha ukaushe papo hapo. Weusi uliojikusanya kwenye mifereji ya nakshi uache. Ndio unaoipa picha kina.

Usikifunge kwa mpira, kwani mpira una salfa na salfa hugeuza fedha kuwa nyeusi. Andika alama, uzito, bei na tarehe ya kununua kwenye daftari, wala usikunje karatasi ukaitia ndani ya kijaluba: kila ukiitoa, inasugua dhahabu.