Kabla hujalipa miezi sita, jua kwanza mwenye nyumba ni nani

Hili la kumjua mwenye nyumba watu wengi wanalichukulia poa, kwa sababu ukienda na dalali unaoneshwa chumba, unaoneshwa choo, unaoneshwa mtu kakaa kibarazani kavaa kanga au msuli, unaambiwa "huyu ndo mwenye nyumba", unasalimia shikamoo, unatoa hela, basi. Nami nilifanya hivohivo mwaka 2019 Tabata, hapa Dar, chumba na sebule laki na ishirini kwa mwezi, miezi sita laki saba na ishirini, ukiongeza ya dalali mwezi mmoja imekwenda laki nane na arobaini kwa siku moja, na hapo sijanunua hata pazia.

Sasa kabla sijasema yaliyonikuta, niseme kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema. Kwa hizi nyumba zetu za uswahilini, Manzese, Buguruni, Mwananyamala, Temeke na kwingineko, "mwenye nyumba" mara nyingi sio mtu mmoja. Kuna anayepokea kodi, kuna mwenye jina kwenye karatasi, kuna anayeita fundi bati likivuja, na kuna mwenye uwezo wa kukutolea vitu nje. Ukibahatika hao wote ni mtu mmoja na anakaa chumba cha mbele. Usipobahatika ni watu wanne, wawili hawaongei, mmoja yuko Tanga na mmoja ni marehemu. Kwahiyo usijichoshe sana kutafuta nani hasa anamiliki, hata mahakama inaweza kuchukua miaka kulijua hilo, we tafuta anayeweza kukutoa, afu uhakikishe huyo anajua hela yako imeingia.

Anza kwa wapangaji wenzio na uwafate dalali akiwa hayupo. Rudi jioni peke yako, mida ile watu wako uani wanapika. Na usiulize "eti huyu ndo mwenye nyumba?" maana watakujibu ndiyo ili muachane, nani anataka kujiingiza kwenye mambo ya watu. Uliza choo kikijaa mnampigia nani, gari la kunyonya nani analilipia. Uliza mmekuwa mkimlipa huyu tangu lini, na kabla yake mlikuwa mnamlipa nani. Hilo la mwisho ndo lenye utamu, mtu akianza kucheka au akamwangalia mwenzie kabla hajajibu, ujue ipo stori. Pita na kwa Mangi hapo dukani, nunua hata soda, Mangi anajua nani anakuja kuchukua kodi tarehe ngapi, na anajua pia kama kuna siku watu walikuja na kelele.

Angalia ukuta nao. Ukikuta maandishi ya rangi NYUMBA HII HAIUZWI, usicheke ukapita, hayo hayaandikwi kwa mapambo, yanaandikwa pale ambapo kuna mtu ameshajaribu kuuza au ndugu wanahofia mwenzao atauza. Inaweza kuwa ni tahadhari tu dhidi ya matapeli, ila lazima uulize aliyeandika ni nani na alikuwa anamwandikia nani. Na ukikuta X nyekundu, ile alama ya kubomolewa, hapo ni habari nyingine kabisa, hata umpate mwenye nyumba halali mwenye hati yake, nyumba ikiwa ndani ya hifadhi ya barabara itaondoka na yeye. Waliokuwa Kimara 2017 wakati Morogoro Road inapanuliwa wanalijua hilo vizuri, na wapangaji walihama kama wenye nyumba tu, wengine wakiwa na kodi yao ndani.

Twende kwenye karatasi. Usitegemee kuoneshwa hati miliki, maeneo mengi ya Dar hayajapimwa na mtu anaweza akawa mmiliki wa kweli kabisa na hana hati. Utakachoonyeshwa ni leseni ya makazi, ile karatasi ya serikali ya kukaa kwenye eneo lisilopimwa, au karatasi ya mauziano ya zamani yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi. Sio mbaya. We soma jina, afu soma tarehe, afu linganisha na kitambulisho cha huyo aliye mbele yako. Kama jina ni tofauti sio lazima awe mwizi, muulize tu kwa upole, "mama, huyu aliyeandikwa hapa ni nani yako?" Jibu likiwa ni mume wangu, muulize mzee yuko wapi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia mmoja hawezi kuipangisha, kuiuza wala kuiweka rehani bila mwenzie kuridhia, na hii inakata pande zote, mzee nae akikupangisha kwa siri mama akarudi kutoka kijijini utaipata. Nyumba ikiwa imepimwa ina namba ya kiwanja na kitalu unaweza kwenda ofisi ya ardhi ukaomba upekuzi, utajua jina na kama kuna rehani ya benki, ila kusema ukweli kwa chumba kimoja sijaona mtu anafanya hivyo, hiyo waachie wanaokodi nyumba nzima au fremu.

Kuna karatasi nyingine watu hawazifikirii. Ankara ya maji ina jina la mteja. Mita ya LUKU, ya umeme, imesajiliwa kwa jina la mtu. Yakifanana na jina la mpokea kodi vizuri, yasipofanana usikurupuke, mita nyingi bado ziko kwa jina la baba aliyefariki zamani na hakuna aliyehangaika kubadilisha. Ila hapo umeshapata jina la kuulizia. Na ukiwa kwenye LUKU, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na serikali ilishasema ni deni la mwenye nyumba sio mpangaji. Muulize mpokea kodi hiyo hela tunakatana vipi. Mwenye nyumba kweli anakuwa na jibu, hata liwe jibu baya. Aliyewekwa tu atakwambia "ngoja nimuulize". Eeh, muulize nani sasa?

Kulipa usilipe mkononi kama unaweza kuepuka. Tuma kwa simu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea, maana laini siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole na jina la NIDA, yaani la kitambulisho cha taifa. Umeambiwa mwenye nyumba ni Mama fulani afu jina linakuja la kijana wa kiume, simama hapohapo, piga simu, uliza. Anaweza kuwa mwanae kweli, basi iandikwe kwenye mkataba kwamba kodi inapokelewa na fulani kwa niaba ya fulani. Hayo maneno "kwa niaba ya" ni madogo ila siku ya ugomvi ndo yanakubeba. Lipa kwa mkupuo upate ujumbe mmoja, piga skrinshoti, mtumie mtu mwingine akutunzie, simu zinaibiwa.

Serikali ya mtaa watu wanaenda kuombea barua tu, lakini ukiwa na jina la mtaa na namba ya nyumba, ile ya kibao cha anwani za makazi walichobandika 2022, nenda kamuulize mtendaji au mwenyekiti nyumba hii mnamtambua nani. Kama mkataba utapigwa muhuri pale, na ikiwa kuna ada, omba risiti. Mjumbe nae ni mzuri kwa historia ila angalia, kuna wajumbe wanakula sahani moja na madalali, kwahiyo neno lake liwe moja kati ya mengi.

Na kama ni flati au fremu ya National Housing, shirika la nyumba la taifa, muulize anayekupangisha akuoneshe mkataba wake. Wengi ni wapangaji wanaopangisha wapangaji, na shirika haliruhusu bila kibali. Kwa nyumba hizo mwenye nyumba unamjua siku nyingi, wa kumkagua ni huyo wa katikati.

Sasa yangu. Yule mama wa Tabata nilimpenda, daftari lake safi, risiti alinipa kaandika kwa mkono, nimepokea laki saba na ishirini, tarehe, saini. Mwezi wangu wa nne pale, jumapili asubuhi nimefungua mlango natoka kupiga mswaki, nakuta jamaa yuko koridoni na fundi wanapima kwa futi, wamefika mlangoni kwangu. Hata salamu hakuna, ananiuliza, "we unamlipa nani?" Nikamwambia. Akasema huyo ni shangazi yetu, hana nyumba hapa.

Na cha ajabu hakuna aliyekuwa muongo. Mzee mwenye nyumba alishafariki, ukoo ukakaa kikao wakamwambia shangazi akusanye kodi kwa muda, ipatikane ya kulipia ada ya watoto. Baadae Mahakama ya Mwanzo ikamteua huyu jamaa, mtoto wa mke mkubwa, kuwa msimamizi wa mirathi. Wapangaji hakuna aliyetuambia. Shangazi nae akaendelea tu, nadhani kwa uchungu, maana hata yeye walimpa taarifa kwa meseji.

Hapo ndo nikajifunza swali ambalo saivi nauliza kila nyumba: je, aliyejenga yuko hai? Kama hayuko, msimamizi wa mirathi ni nani na barua ya mahakama iko wapi. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi, huo ni wa kumpendekeza mtu tu, anayeteua ni mahakama. Hamna msimamizi bado? Basi usilipe miezi sita hapo, omba ulipe miwili miwili, au tafuta pengine.

Jamaa alitaka nilipe upya kuanzia mwezi ule. Sikumlipa na sikumrushia maneno, nikamwambia twende serikali ya mtaa tuongee sote na shangazi awepo, na kama ipo siku utasikia watu wawili wanadai kodi ileile fanya hivyo, hela yako itenge usimpe yeyote hadi kieleweke. Tulikaa pale kwenye benchi kama masaa mawili. Mtendaji akaomba barua ya mahakama, akasoma tarehe, akaomba risiti yangu, akasoma tarehe. Nililipa kabla jamaa hajateuliwa, wiki tatu kabla. Shangazi akakubali kwa mdomo wake kwamba alipokea, ila hela ilishatumika. Jamaa akanung'unika weee, mwisho akachukua lile daftari la shangazi, akaandika chini ya saini yake kwamba mwezi ule na miwili iliyobaki anaitambua, akaweka jina lake kamili na namba ya simu. Nilipiga picha ukurasa ule kabla kalamu haijakauka.