Kadi ya Zamani Usiitupe, Ipe Kazi ya PhysX

Kijana mmoja wa hapa Tudor kaniletea mashine, ndani ina RTX 50, kadi ya picha ya NVIDIA, mpya inang'ara, na kilio chake ni Cryostasis, ile geimu ya 2009 ya meli ilioganda kwa barafu, maji yakianza tu kutiririka picha zinakatakata. Nkamwambia kadi yako haina ubaya. PhysX, ile programu ya NVIDIA ya kupiga hesabu za vitu vinavyosogea kwenye geimu, kwa geimu za zamani ni ya biti 32, na RTX 50 zilipotoka 2025 zikaja bila hio kitu, kwa hivo hesabu zote za maji, moshi na vigae vya vioo zikaangukia prosesa, nayo haiwezi. Dawa ni kuongeza kadi ya pili, ya zamani, ifanye hizo hesabu.

Hatua ya kwanza, usinunue kitu. Disemba 2025 NVIDIA walirudisha kwa geimu kadhaa, Borderlands 2, Mafia II na Mirror's Edge zimo, basi kama yako ni hizo weka draiva mpya (ile programu inayoendesha kadi) ukalale. Geimu mpya nazo usihangaike, nyingi fizikia yake yafanywa na prosesa hata ukiweka kadi tatu.

Hatua ya pili ni kuchagua kadi na hapa ndo watu huchoma pesa. Kadi zote mbili lazima zikubaliane na draiva MOJA, sio kila moja na yake. GT 710 imeishia draiva za 470, ukiiweka na RTX 50 haitaonekana kitu. GTX 1050 Ti yaishia za 580, yafanya kazi lakini utabaki hapo hapo. Mimi humwambia mtu atafute GTX 1650 ya mtumba isokuwa na tundu la waya wa umeme, yanywa wati 75 tu na hizo yazipata kwenye sloti yenyewe. Kuiona inawaka haitoshi, mwenye duka akukubalie kuijaribu na geimu.

Ya tatu: zima, toa waya ukutani, chomeka kwenye sloti ndefu ya pili ya madabodi. Waya wa SLI, ule wa kuunganisha kadi mbili, hauhitajiki. Skrini ibaki kwenye kadi kubwa. Na jamani joto la Mombasa mwalijua, feni za kadi ya juu zisizibwe na ya chini, kama zimebanana ongeza feni ya mbele na usafishe vumbi kwanza, hasa ukiwa karibu na bahari maana ile chumvi ikichanganyika na vumbi hushika kama gundi.

Washa, weka draiva, fungua NVIDIA Control Panel, ingia "Configure Surround, PhysX", pale palipoandikwa Processor toa Auto-select uchague ile kadi ndogo, bonyeza Apply.

Sasa hakikisha. Kwenye menyu ya juu ya 3D Settings washa "Show PhysX Visual Indicator", ingia geimu, pembeni itaandika PhysX inakimbilia wapi. Ikisema CPU, yaani prosesa, angalia ndani ya seting za geimu kama PhysX imewashwa, halafu rudi kwenye draiva.

Skrini ilipoandika GPU, yaani kadi, yule kijana alikaa kwenye kiti changu akitazama barafu ikiyeyuka mpaka isha ikaadhiniwa, na mimi nataka kufunga duka.