Kuielewa BC ya risasi ukiwa Nakuru: G1, G7 na hewa nyepesi ya nyanda za juu

Mlenga shabaha anayeanza kupiga mbali, tuseme kuanzia mita 400 kwenda mbele, hugundua upesi kwamba programu ya kukokotoa mwendo wa risasi humwuliza mambo ambayo maandishi ya kwenye sanduku hayamfafanulii. La kwanza ni koefishenti ya balistiki, ambayo viwanjani huitwa BC tu. La pili ni modeli ya ukinzani wa hewa, yaani G1 au G7. La tatu ni hali ya hewa mahali anapopigia. Wengi huumiza kichwa juu ya lile la kwanza na kulipita la tatu mbiombio, ilhali kwetu sisi tulio Nakuru, Eldoret au Kitale, lile la tatu ndilo linaloharibu hesabu zaidi. Mwongozo huu unamhusu mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, anayepiga katika uwanja ulioidhinishwa. Habari za kuwinda hazimo, kwani uwindaji ulipigwa marufuku nchini tangu 1977.

Tuanze na BC yenyewe. Nambari hii ni ulinganisho wa uwezo wa kupenya hewa kati ya risasi yako na risasi ya mfano, ambayo ina uzito wa ratili 1 na kipenyo cha inchi 1, na ambayo BC yake huhesabiwa kuwa 1. Ili kuipata, uzito wa risasi kwa ratili hugawanywa kwa kipenyo chake kilichozidishwa kwa chenyewe, kisha jibu hugawanywa tena kwa kipimo cha umbo, ambacho huonyesha risasi yako inakinzwa na hewa mara ngapi ikilinganishwa na ile ya mfano. Chukua risasi inayojulikana sana, MatchKing ya kampuni ya Sierra, ya .308 (yaani kipenyo cha inchi 0.308) yenye greni 175. Greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo uzito wake ni ratili 0.025, ukigawanya kwa 0.308 mara 0.308 unapata takriban 0.264. BC yake ya G7 ikiwa 0.243, basi kipimo cha umbo ni karibu 1.08, maana yake hewa huikinza risasi hii asilimia 8 zaidi ya inavyolikinza umbo la mfano la G7.

Hapo ndipo swali la modeli linapoingia, kwa sababu ulinganisho hauna maana usipojua unalinganisha na nini. G1 ilitokana na majaribio ya mizinga ya karne ya 19, yakiwemo ya kampuni ya Krupp ya Ujerumani, na umbo lake ni la risasi fupi yenye ncha butu kidogo na kitako bapa. G7 ni umbo refu lililochongoka, ambalo nyuma limesinyaa kama tezi la mashua. Risasi nyingi za leo za masafa marefu zinafanana na G7, ila watengenezaji wengi bado huchapisha nambari ya G1, na sidhani kama ni kwa bahati: nambari ya G1 ni kubwa karibu mara mbili, na mnunuzi huvutiwa na kubwa.

Kasoro ya kutumia G1 kwa risasi ndefu ni kwamba nambari haitulii risasi inapopungua kasi. Sierra wenyewe wamechapisha nambari tatu za G1 kwa ile risasi ya greni 175: 0.505 ikiwa na kasi ya futi 2,800 kwa sekunde au zaidi, 0.496 kati ya futi 1,800 na 2,800, na 0.485 chini ya hapo. Risasi haikubadilika umbo njiani. Kilichobadilika ni tofauti kati yake na mfano usiofanana nayo. G7 hutulia zaidi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa risasi yoyote yenye mkia uliosinyaa. Ukipiga risasi yenye kitako bapa, baki na G1. Kosa lisilosameheka ni kuandika nambari ya G1 huku umechagua G7 kwenye programu, kwani hapo utakuwa umeipa risasi sifa ambayo haina hata nusu yake.

Sasa tuje kwenye hewa. BC iliyochapishwa huchukulia hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, ambayo kwa kipimo cha kimataifa ina halijoto ya nyuzi 15 za Selsiasi na kanieneo ya hektopaskali 1,013. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na kanieneo halisi ya huko ni takriban hektopaskali 810. Mchana wa nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa ya Nakuru ina uzito wa karibu asilimia 77 tu ya ile ya kawaida. Kisumu, penye mita 1,150 hivi na joto zaidi, ni kama asilimia 83. Kuhusu unyevunyevu wa kando ya Ziwa Victoria, usisumbuke nao: watu hudhani hewa yenye unyevu ni nzito, kumbe ni nyepesi kidogo kuliko kavu, na athari yake ni ndogo mno kando ya ile ya mwinuko.

Nilikokotoa mfano mmoja ili ukubwa wa jambo uonekane. Risasi ile ile ya greni 175 ikitoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, bunduki ikiwa imesawazishwa kwa mita 100 (yaani kwenye mita 100 risasi hugonga pale palipolengwa), tofauti kati ya hewa ya kawaida na hewa ya Nakuru ni kama sentimita 34 kwenye shabaha ya mita 600, na karibu mita nzima kwenye mita 800. Hakuna mabishano ya BC ya 0.243 au 0.247 yatakayokupotosha kiasi hicho.

Mimi mwenyewe niliwahi kupiga mita 600 asubuhi yenye utulivu, na risasi zote zikapita juu ya nilipokusudia kwa takriban sentimita 30, zikiwa zimekusanyika vizuri kabisa. Niliilaumu BC, nikaanza kuibadilisha. Mzee mmoja wa uwanja ule alichungulia skrini yangu, akaona nimeandika hektopaskali 1,018, akasema, "Kijana, simu yako inadhani tuko Mombasa." Alikuwa sahihi. Programu za utabiri wa hewa huonyesha kanieneo iliyokwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari, ili ramani za nchi nzima zilinganike. Risasi haijui ramani.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, tafuta kanieneo halisi ya mahali ulipo kwa kipima hewa cha mkononi, au kwa simu yenye kihisi cha kanieneo, na uhakikishe kuwa hakikuwekwa kwenye hali ya kurekebisha. Iandike kwenye programu kama kanieneo ya kituo, na usiongeze mwinuko juu yake, maana utakuwa umeupunguza uzito wa hewa mara mbili. Usipokuwa na kifaa, andika mwinuko na halijoto, uiache programu ikadirie. Pima halijoto kivulini, na upime tena jua likipanda, kwa sababu asubuhi ya nyuzi 12 na mchana wa nyuzi 25 hutofautiana kwa zaidi ya asilimia 4 ya uzito wa hewa.

Kisha pima kasi ya mtutuni kwa kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi, kwa risasi 10 au zaidi, badala ya kuamini ya kwenye sanduku, ambayo huenda ilipimwa kwa mtutu mrefu kuliko wako. Hewa na kasi vikishakuwa sahihi, ndipo unaporuhusiwa kuigusa BC. Piga mita 500 au 600. Risasi zikikosa kwa juu au chini, rekebisha kasi kidogo. Halafu nenda mbali zaidi, na tofauti itakayobaki huko ndiyo ya BC. Ikiwa mtengenezaji kama Lapua au Hornady ametoa modeli iliyopimwa kwa rada kwa risasi yako hasa, itumie hiyo, nawe hutahitaji kuchagua kati ya G1 na G7.

Marekebisho hayo yafanye risasi ingali juu ya mara 1.2 ya kasi ya sauti, kwa sababu chini ya hapo huanza kuyumba na hesabu hulegea. Kwa mfano wetu, mpaka huo ungefika kwenye mita 725 hivi katika hewa ya kawaida ya pwani. Nakuru unasogea hadi karibu mita 900. Anayetoka huku kwenda kushindana kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza, atakuta mpaka umemrudia karibu, na jedwali lake la nyumbani litampeleka chini ya shabaha.