Kufuatilia maisha ya babu wa kijijini kwa karatasi za nyumbani

Mtu aliyeishi kwa kulima haachi karatasi nyingi, na hizo chache hutawanyika kwenye nyumba za wajukuu. Anzia huko kabla ya kwenda masijala yoyote. Ukiwauliza ndugu kama wana "nyaraka za babu", watakujibu hawana. Waulize kuhusu mahali: sanduku la chini ya kitanda, kurasa tupu za mwanzo na mwisho wa Biblia au msahafu, mgongo wa picha iliyotundikwa ukutani, bahasha ya stakabadhi za kodi. Karatasi za shamba ndizo hudumu kuliko zote, maana watu huzitunza kwa hofu ya kesi ya mpaka.

Piga picha kila karatasi hapo hapo ilipo, hata ukiahidiwa kuazimwa kesho. Iweke karibu na dirisha pasipopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo, upige pande zote mbili. Barua ipigwe pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe na mahali ambavyo mwandishi huenda hakuvitaja. Ukitumia skana, alama 300 kwa inchi zinatosha kwa hati. Picha ndogo zipe 600. Wino uliofifia usiuloweshe wala kuusugua: ongeza tofauti ya weusi na weupe kwenye picha, au geuza rangi, na maneno mengi yatajitokeza. Selotepu hugeuka njano na gundi yake huila karatasi; leminesheni nayo haibanduki tena bila madhara. Namba ya karatasi iandikwe nyuma, kwenye kona, kwa penseli laini.

Sasa chora jedwali lenye safu sita: tarehe ya tukio, tarehe ya kuandikwa, mtoa habari, jina kama lilivyoandikwa, mahali, na namba ya karatasi. Wengi huiacha ile ya pili, nayo ndiyo inayokwambia uiamini karatasi kiasi gani. Chukua cheti cha kifo. Tarehe ya kufa imetolewa siku chache baada ya tukio, na mtu aliyekuwapo, ina uzito. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti hicho hicho imetolewa na mtoto au mkwe, ambaye siku ile hakuwa hata amezaliwa. Karatasi ni moja, lakini ushahidi ni wa aina mbili. Vivyo hivyo orodha ya watoto ndani ya Biblia: ikiwa majina yote ni ya wino mmoja na mwandiko mmoja, yaliandikwa siku moja, kwa kukumbuka au kwa kunakili. Tazama mwaka wa uchapishaji. Kitabu kilichochapishwa baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa hakiwezi kuwa kilimwandika siku hiyo.

Umri usiugeuze mwaka mmoja, ugeuze kipindi. Hati ya ndoa ya Juni 1931 ikisema bwana ana miaka 25, alizaliwa kati ya Juni 1905 na Juni 1906. Karatasi ya ajira ya Machi 1948 ikimpa miaka 40, inaelekeza kati ya Machi 1907 na Machi 1908. Huo si mgongano wa kukukosesha usingizi. Umri unaoishia na 0 au 5 mara nyingi ni makisio, na wakati mwingine makarani waliagizwa hivyo: katika sensa ya 1841 ya Uingereza, umri wa watu wazima ulitakiwa kushushwa hadi kigawe cha 5, hivyo mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Angalia pia kalenda. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mzee aliyehesabu miaka 66 kwa Hijria ana takribani 64 kwa kalenda ya kawaida ya Januari hadi Desemba.

Kisha majina, ambako ndiko nasaba nyingi huharibikia. Karani aliandika alichosikia, kwa tahajia ya lugha yake, hivyo jina moja laweza kuja kwa sura tatu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuunganisha watu wawili wenye jina moja. Wapambanue kwa mke, shamba, majirani na mashahidi. Saini kwenye hati moja na dole gumba kwenye nyingine ni dalili tu, si ushahidi. Mzee huweza kupofuka. Mwanamke ni mgumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi huandikwa kwa jina la mume. Mtafute kwenye ubatizo wa watoto wake na miongoni mwa wasimamizi wa ubatizo wa watoto wa ndugu zake.

Hati ya shamba isome kama ramani. Andika majina ya wanaopakana naye pande zote nne, uyachore. Vipande vyembamba vinavyofuatana mara nyingi ni shamba moja lililogawanywa wakati wa mirathi, na "jirani" akawa kaka.

Tazama pia mapengo. Watoto wakizaliwa 1924, 1926 na 1935, ile miaka tisa inadai maelezo: vichanga waliofariki, kazi ya mbali, vita, kifungo, au mke mwingine.

Hapo ndipo uende masijala, ukiwa na swali jembamba: jina, mahali, na kipindi cha miaka mitano. Tafuta kwa mipaka ya wakati ule. Parokia ikimegwa, ubatizo wa kabla ya kumegwa hubaki kwenye vitabu vya parokia mama. Kizazi kilichosajiliwa kwa kuchelewa huweza kukaa chini ya mwaka wa usajili, kwa hiyo endelea mbele ya mwaka unaoutarajia. Uliza kwanza ni miaka gani imebaki na ipi imefunguliwa: sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika katika moto wa 1921, na huko sensa hufunguliwa baada ya miaka 72.

Usipopata kitu, andika hilo pia: rejista ipi, kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani, na kurasa zipi zilikuwa zimechanika au hazisomeki.