Somo: Kuchagua programu ya matengenezo ya mashine hospitalini na kuitumia ipasavyo

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mafundi na wakuu wa vitengo vya ufundi hospitalini, ingawa fundi wa kiwanda au hoteli naye atajionea mahali linapomhusu. Kilichonisukuma ni kitengo kimoja nilichokifahamu, ambacho kililipia programu ya matengenezo, yaani ile ya kompyuta au simu inayotunza orodha ya mashine, ratiba za huduma na kumbukumbu za kazi, mwaka mzima huku tarehe za huduma ya jenereta zikiendelea kukaa kichwani mwa fundi mmoja. Alipokwenda likizo, hakuna aliyejua oili ilimwagwa lini.

Hatua ya kwanza: jueni mlicho nacho

Kabla hamjamwita muuzaji yeyote, zungukeni chumba kwa chumba mkiandika kila mashine: aina yake, mtengenezaji, modeli, namba ya kiwandani, mwaka ilipopokelewa, mahali ilipo na anayeitumia kila siku. Kila moja ipeni namba ya hospitali, na kibandiko chenye namba hiyo kibandikwe kwenye mwili wa mashine, si kwenye mfuniko unaoweza kufunguliwa na kuvalishwa mashine nyingine ya aina hiyohiyo. Likitokea hilo, historia za mashine mbili huchanganyika, na hakuna programu itakayozitenganisha.

Viti na makabati yaacheni kwanza. Anzeni na mashine ambazo zikisimama, huduma nayo inasimama: jenereta, mtambo wa oksijeni, mashine za kutakasa vifaa kwa mvuke, mashine za usingizi, majokofu ya damu na pampu za maji. Mashine 40 zilizoandikwa kwa usahihi zina manufaa kuliko 600 zilizonakiliwa kutoka kwenye daftari la mali ambalo halijahakikiwa kwa miaka.

Hatua ya pili: ijaribuni programu mikononi mwa fundi

Muuzaji atawaonyesha chati za kupendeza. Nyinyi ombeni muda wa majaribio wa wiki mbili au tatu, kisha simu mkabidhini fundi asiyependa kompyuta, wala msimkabidhi mtu wa TEHAMA. Afungue kadi ya kazi, yaani ukurasa wa kuandikia kazi moja ya matengenezo, aambatishe picha, aandike alichofanya, aifunge. Zikipita dakika tatu bado anahangaika, basi kadi zenu zitakuwa zinajazwa jioni kwa kukisia. Jaribio lifanyike pia kwenye chumba ambacho mtandao haushiki, ili mjue kama kazi iliyoandikwa inahifadhiwa kwenye simu hadi mtandao urudi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni huduma inayohesabiwa kwa saa. Jenereta nyingi za dizeli humwagwa oili kila baada ya saa 250 za kazi, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha mtengenezaji. Ikiwaka saa 3 kwa siku, hufikisha saa hizo baada ya siku 83 hivi, kwa hiyo ratiba ya kila miezi mitatu inaelekea kufaa. Umeme ukianza kukatika na jenereta ikawaka saa 8 kwa siku, saa 250 hutimia baada ya mwezi mmoja hivi, na programu inayojua kalenda peke yake itasubiri miezi mitatu na kuiacha injini ifikishe saa 720 kwa oili ileile. Kwa sababu hiyo, programu isiyoweza kupokea usomaji wa mita inayohesabu saa za kazi za mashine mimi siipendekezi, hata kama bei yake ni nafuu.

Hakikisheni vilevile kwamba mnaweza kutoa taarifa zenu zote kwenye jedwali la Excel siku mkitaka kuhama, na kwamba bajeti inahimili malipo ya dola kwa kila mtumiaji shilingi inaposhuka. Kabla ya kuandika masharti ya zabuni, someni mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kuhusu programu hizi kwa vifaa tiba.

Hatua ya tatu: kadi ya kazi iseme ukweli

Kadi iliyoandikwa "imetengenezwa" haina faida. Fundi aandike alichokikuta, chanzo chake, alichokifanya na kipuri alichokitumia. Pia kadi iwe na hali zake: imepokelewa, inafanyiwa kazi, inasubiri kipuri, imefungwa. Mashine ya kutakasa vifaa ikisimama siku 9, na kadi ikaonyesha kwamba fundi alifanya kazi saa 5 na muda uliobaki ulikuwa wa kusubiri mpira wa mlango, mkuu wa hospitali hatauliza tena kwa nini mafundi ni wazito. Atauliza kwa nini mpira huo haukuwepo stoo. Hapo ndipo mahali pa kuanzia orodha ya vipuri: wekeni vile vilivyowahi kuwasimamishia kazi, na kila kimoja kiwe na kiwango cha chini ambacho kikifikiwa, kinaagizwa.

Maswali ya wasomaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi tuna zahanati yenye mashine zisizozidi 20. Je, Excel haitutoshi?

Jibu: Marahaba. Inawatosha, mradi mtu mmoja awe na dhamana ya kuifungua kila Jumatatu. Jedwali halimkumbushi mtu asiyelifungua. Mkianza kuwa na mafundi zaidi ya watatu au vituo viwili, ndipo mfikirie programu.

Swali: Ndugu mwandishi, je, programu za bure zinafaa?

Jibu: Zinafaa. openMAINT ni programu huria, na Odoo ina sehemu ya matengenezo katika toleo lake huria. Hata hivyo mtahitaji seva, nakala rudufu na mtu wa kuitunza, na gharama hiyo ipigiwe hesabu mapema. Kama hamna mtu huyo, kulipia programu inayotunzwa na muuzaji mwenyewe ni salama zaidi.

Swali: Mafundi wangu wanaamini programu imeletwa ili kuwachunguza, na wanafunga kadi za matengenezo kinga, yale yanayofanywa kabla mashine haijaharibika, bila kuigusa mashine. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, chunguza kwanza kama ratiba yenyewe inatekelezeka. Mafundi wawili wakipangiwa kadi 90 kwa wiki, watafunga tu, kwa sababu hawana njia nyingine. Punguza hadi idadi inayowezekana, ukianza na mashine zinazobeba uhai wa mgonjwa, na kadi ziulize vipimo badala ya alama ya tiki: mita inasoma saa ngapi, presha ilifika ngapi, betri ina volti ngapi. Usizitumie takwimu za miezi ya mwanzo kumwadhibu mtu yeyote. Kadi zao zikikuwezesha kupata kipuri walichokililia muda mrefu, wapelekee wenyewe mikononi, na uwaonyeshe kadi iliyokileta.