Kutua na RV-6 ya gurudumu la mkia: kazi huanza matairi yakishagusa

Wiki mbili hizi nimekuwa kwenye kiti cha kulia cha RV-6, ndege ndogo ya viti viwili ambayo rafiki yangu ameijenga mwenyewe, nikimzoesha kutua. Alijifunza kwenye ndege ambayo gurudumu lake la tatu liko chini ya pua, si mkiani, nayo haidai kazi kubwa ya miguu, kwa hiyo miguu yake ilikuwa imelala. Haya yafanye ukiwa na mwalimu aliyezoea ndege za mkia.

1. Ingia kutua kwa mwendo wa noti 65 (kama kilomita 120 kwa saa). Hapa Nairobi, zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi: saa ya mwendo ikisoma 65, ardhi inakupita kwa zaidi ya 70 hata pasipo upepo. Amini saa, si macho.

2. Toa nguvu ya injini, nyanyua pua taratibu, subiri. Magurudumu matatu yaguse pamoja. Wako wanaotanguliza yale mawili ya mbele. Mwanafunzi simwanzishii hivyo, maana hugusa na mwendo mkubwa.

3. Inyooshe mpaka isimame kabisa. Hatua hii ilinitesa miezi. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo mkia ukienda pembeni kidogo, uzito wenyewe unausukuma uzidi kwenda. Ndege yangu iligeuka mwendo ukiwa wa mtu anayekimbia tu, mkono wangu ukiwa kwenye swichi ya flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Ncha ya bawa la kushoto ilikwaruza lami, faiba ikapasuka.

Kwa hiyo vuta mpini wa kuongozea ndege hadi tumboni, ubaki hapo. Visigino sakafuni, mbali na breki. Pua inakuziba mbele, basi tazama kingo zote mbili za njia kwa pamoja. Pedali za miguu, zinazoelekeza mkia, gusa uachie, gusa uachie. Ukikanyaga na kushikilia, mkia utarudi na kupitiliza upande wa pili kwa kasi zaidi. Vaa raba za soli nyembamba. Rafiki yangu alipovua buti ndipo alipoanza kuusikia mkia kwa nyayo.

Upepo ukiwa wa ubavuni, laza mpini upande unakotoka, na kadiri mwendo unavyopungua uzidi kuulaza. Wengi huulegeza wakishagusa, bawa likanyanyuliwa. Ukipata uwanja wa nyasi anzia huko: tairi huteleza kidogo pale ambapo lami ingeling'ang'ania.

4. Flapu na redio: ndege ikishasimama.